Paa Juu, Maji Chini: Droni Ndani ya Majengo, Mahandaki na Machimbo ya Ngara na Biharamulo



Walioniita waliniomba nizungumzie droni, wakaniomba pia nisiwachoshe kwa yale ambayo kila mtu keshayaona kwenye simu yake: msafara wa harusi uliopigwa kutoka juu, shamba la migomba, mkutano wa kampeni. Sharti hilo nimelipenda. Leo nitazungumzia kazi moja ambayo wauzaji hawaitii kwenye matangazo yao, nayo ni kurusha droni yenye kamera mahali penye paa juu na maji chini. Katika wilaya zetu hizi mbili, nionavyo mimi, kazi yenye faida kubwa iko hapo hapo, na hapo hapo ndipo mashine hizi zinapotuangusha.

Tuanze na Rusumo, maana hakuna mtu wa Ngara asiyepajua. Ruvubu unakuja kutoka Burundi, unakutana na Nyabarongo wa Rwanda, na baada ya mwendo mfupi maji yote hayo, sasa yakiitwa Kagera, yanajibana kwenye mwamba na kuporomoka. Serikali za Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga pale kituo cha umeme cha megawati 80, chenye mitambo mitatu, na umeme wake unagawanywa sawa kwa nchi tatu. Ujenzi ulianza mwaka 2017. Msafiri akisikia Rusumo anawaza maporomoko, yaani maji anayoyaona. Fundi wa kituo cha aina hiyo, popote duniani, anawaza maji asiyoyaona: yale yanayomezwa na lango, yanayopita gizani kwenda kuzungusha mitambo, kisha yanatemwa upande wa chini kurudi mtoni. Njia hiyo ikifungwa kwa matengenezo huwa haikauki kabisa. Hubaki madimbwi, hubaki maji yanayovuja pembeni mwa malango, hubaki utelezi na ukungu. Na zege la ukutani lazima likaguliwe kama limeingia ufa au limeanza kubanduka. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na mtu aliyefungwa kamba kiunoni au aliyesimama juu ya jukwaa lililochukua siku nzima kulijenga, na akimaliza kuangalia, jukwaa linabomolewa.

Hatua chache kutoka hapo kuna daraja. Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, siku za mwisho za Aprili 1994, pale wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Daraja la leo ni jipya, lakini kila daraja lina tumbo, na tumbo la daraja ndilo linalooza kwanza. Ukiipeleka droni chini yake hakuna ukuta wala mlango. Hata hivyo, kwa droni, hapo ni ndani. Juu kuna zege na chuma, chini kuna mto unaokimbia.

Sasa twende Biharamulo. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD. Pale palichimbwa shimo la wazi kwanza, kisha watu wakafuata mwamba chini kwa chini. Kuuzunguka mgodi huo na kwingineko wilayani kuna wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia, na hakuna mchimbaji hapa ambaye nina haja ya kumweleza kuwa adui wa duara ni maji. Mvua za Machi 2008 ziliingia kwenye migodi ya Mirerani na kuua makumi ya wachimbaji. Januari 2024 kule Bariadi, mkoani Simiyu, ilikuwa tena mvua, kifusi na maiti 22. Upande wa Ngara, nikeli ya Kabanga nayo imekusudiwa kuchimbwa chini ya ardhi. Maana yake ni kwamba vijana walioko darasa la saba leo watakuta kuna kilomita za mahandaki katika wilaya yao, na mahandaki hayo yatakuwa na maji.

Yapo pia matangi ya maji ya kunywa yaliyofunikwa kwa zege, ambayo fundi hulazimika kuyakausha ili aingie ayakague, huku mtaa mzima ukikaa bila maji. Sitakaa sana hapo.

Hoja yangu nitaisema sasa hivi, msije mkaisubiri. Droni inapoingia chini ya paa na juu ya maji, viungo vyake vya fahamu vinaizimikia kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kinachobaki hakizimiki, bali kinasema uongo. Kwa hiyo kama halmashauri, mgodi au chama cha ushirika kina fedha ya kutumia kwenye jambo hili, sehemu kubwa ya fedha hiyo iende kwenye mkono wa mrushaji kabla haijaenda kwenye mashine.

Droni ya siku hizi ukiachia vidole inasimama hewani, na mgeni wa kazi hii anadhani huo ndio utulivu wake wa asili. Sivyo. Chombo chenye panga nne kwa asili yake hakitulii. Ukikiacha peke yake kinateleza kwenda popote upepo au tofauti ndogo ya uzito inapokisukuma. Kinatulia kwa sababu kompyuta iliyo tumboni mwake inakisahihisha mara mamia kwa sekunde, nayo kompyuta inasahihisha kwa kufuata inachoambiwa na vihisi. Tuvipitie.

Cha kwanza ni GPS. Satelaiti zake ziko juu yetu kwa takriban kilomita 20,000, na ishara inapotufikia ni dhaifu mno. Bati, zege na mwamba vinaizuia. Vijana wengi wanajua hilo, kwa hiyo wanajiandaa kuikosa. Wasichojiandaa nacho ni kuipata nusu. Droni ikiwa karibu na mlango mkubwa wa karakana au kwenye mdomo wa handaki, inaweza kunasa satelaiti chache za upande mmoja wa anga tu, ishara za nyingine zikiwa zimegonga ukuta kwanza ndipo zikaifikia. Hapo kompyuta inaamini imehama mita kadhaa, inajitahidi kurudi mahali ambapo haijawahi kuondoka, na katika chumba chenye upana wa mita sita bidii hiyo inaishia ukutani. Mwenye uzoefu akifika mlangoni huwa ameshaiondolea droni imani ya GPS, kama mashine yake inamruhusu.

Cha pili ni dira. Nondo zilizo ndani ya zege, mihimili ya chuma na nyaya za umeme mkubwa vyote vinaipotosha. Ukiisawazisha droni ikiwa imekaa juu ya sakafu yenye nondo, umeifundisha makosa kabla haijaruka. Ninyi mtakaofanya kazi kwenye majengo ya mitambo ya umeme, inyanyueni sakafuni.

Cha tatu ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambacho droni hukitumia kujua kimo chake. Tofauti ya kimo ya mita moja ni karibu sehemu moja ya kumi ya hektopaskali, kitu kidogo sana. Handakini feni ya kuingiza hewa ikiwashwa, au kwenye jengo mlango mzito ukifungwa kwa kishindo, kipimo kinaona badiliko kubwa kuliko hilo, na droni inapanda au kushuka bila kuambiwa na mtu. Na kwa kuwa tuko Ngara, niongeze kwamba nchi hii iko juu, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, panga zinalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito ule ule, na betri inakwisha mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi.

Vyote hivyo vikishindwa, droni inabaki na jicho la tumboni. Kampuni ya Parrot ya Ufaransa ndiyo iliyoliingiza jicho hilo kwenye droni za watu wa kawaida, kwa mashine yake ya AR.Drone ya mwaka 2010. Ni kamera ndogo inayotazama chini na kulinganisha picha hii na picha iliyotangulia. Ikiona madoa ya sakafu yamesogea kushoto, inajua yenyewe imesogea kulia, inajirudisha. Ni akili nzuri sana, na ndani ya ukumbi huu wenye sakafu ya saruji iliyopasuka-pasuka ingefanya kazi vizuri. Lakini imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba kilicho chini hakisogei, na kwamba kinachoonekana chini ndicho kilichoko chini.

Nimeomba niletewe karai la maji hapa mbele. Kijana mmoja aje. Njoo wewe. Simama hapo, inama, tuambie unaona nini. Anasema anaona kenchi. Nini tena? Mabati, taa, na uso wake mwenyewe. Angalieni basi. Kitako cha karai kiko sentimita chache kutoka kwenye uso wa maji. Paa liko kama mita nne juu ya maji. Lakini jicho lake linapotazama ndani ya karai, paa hilo linakaa mita nne chini ya uso wa maji, kana kwamba ardhi imefunguka. Hebu sogea kidogo kulia. Kenchi zimesogea? Anasema polepole. Na uso wako? Umemfuata. Alipokwenda, umekwenda naye. Sasa tia kidole kwenye maji. Kila kitu kimevunjika. Hakuna kenchi, hakuna taa, kuna vipande vinavyocheza. Asante, rudi ukae.

Kijana huyu ametuonyesha hali tatu ambazo jicho la tumboni hukutana nazo. Maji yakitulia, linaona paa lililo mbali badala ya maji yaliyo karibu, na vitu vya mbali husogea polepole, kwa hiyo droni inajidhania iko juu zaidi au inakwenda taratibu zaidi kuliko hali halisi. Ikiwa imewasha taa zake, inaona taa hizo majini zikiifuata kila iendako, na kitu kinachokufuata hakikuambii kwamba umesogea. Upepo wa panga ukigusa maji, picha inavunjika na jicho halina cha kushika. Na maji yakiwa yanakimbia, kama chini ya daraja la Rusumo, hapo ndipo mambo yanaharibika kimya kimya: jicho linashika povu na majani yanayoelea, linayadhania ardhi, na droni inajitahidi kubaki juu yake. Inasafiri na mto huku ikiamini imesimama. Mrushaji anayetazama skrini tu haoni kosa lolote, kwa sababu maji kwenye skrini yametulia.

Msicheke mashine peke yake. Wafuga nyuki wa misitu ya Biharamulo, sikilizeni hili. Mwaka 1963 watafiti wawili, Heran na Lindauer, waliandika juu ya nyuki waliofundishwa kuvuka ziwa kufuata chakula. Maji yalipokuwa na viwimbi, nyuki walivuka. Yalipotulia kama kioo, nyuki walizidi kushuka, wakashuka, wakatumbukia. Walipowekewa daraja la kuelea lenye kitu cha kutazama, walivuka salama. Baadaye Mandyam Srinivasan na wenzake kule Canberra, Australia, walitumia miaka wakieleza jinsi nyuki anavyoruka: anapima mwendo na kimo chake kwa kasi ya vitu vinavyompita machoni. Wahandisi wa droni walijifunza mengi kwa nyuki, na ugonjwa wa nyuki wakauchukua pamoja na mafunzo.

Mtu ataniambia: lakini droni yangu ina kihisi cha umbali. Ndiyo, nyingi zinacho, cha miali isiyoonekana au cha sauti isiyosikika. Miali hiyo ikipiga maji maangavu, sehemu yake inazama na sehemu inarukia pembeni, kinachorudi ni kidogo na hakiaminiki. Sauti hurudi vizuri kwenye maji yaliyotulia, ila uso ukishavurugwa na upepo wa panga, inatawanyika. Hata vitabu vya watengenezaji vinaonya dhidi ya kutegemea vihisi vya tumboni juu ya maji na vitu vinavyong'aa. Onyo hilo liko kwenye kurasa ambazo mnunuzi huzifungua siku mashine imeshazama.

Kuna na suala la hewa yenyewe, ambalo halihusiani na kompyuta. Nje, upepo unaosukumwa chini na panga unakwenda zake. Ndani, unagonga maji, unatawanyika, unapanda kwenye kuta, unageuka darini na kukurudia kichwani. Baada ya muda droni inaruka ndani ya vurugu iliyoitengeneza. Ikikaribia dari, hewa kati ya panga na dari inapungua mgandamizo na droni inavutwa juu. Nimeona ikinata darini, mrushaji akivuta mkono chini nayo haishuki, halafu ikajinasua ghafla na kuanguka mita mbili kabla haijajishika. Ikikaribia maji, hewa inaibeba kidogo, lakini pia matone yanarushwa na kuingia kwenye mota na kwenye lenzi. Mimi hutaka mita mbili juu ya maji na mita moja na nusu chini ya dari. Chumba kisicho na nafasi hiyo, kwa droni ya kawaida isiyo na kizimba, ninakiacha.

Kizimba nimekitaja makusudi. Mwaka 2015, huko Dubai, kampuni ya Uswisi ya Flyability ilishinda zawadi ya dola milioni moja kwa droni iliyokaa ndani ya tufe la wavu jepesi, tufe linalozunguka lenyewe likigonga ukuta huku mashine ikiendelea kusimama wima. Kizazi chake, kiitwacho Elios, kiliingizwa mwaka 2019 katika jengo la mtambo namba tano wa Chernobyl, ambao haukuwahi kumalizwa, kutafuta kama kuna mabaki ya mafuta ya nyuklia. Aina mpya zina kipimo cha leza kinachochora chumba chote pande zote, na hicho hakidanganywi kirahisi na maji kwa sababu kinashika kuta na dari. Migodi mikubwa duniani inazitumia. Bei yake ni ya mgodi mkubwa pia, na sitawadanganya kwamba halmashauri itainunua mwakani.

Sisi Afrika Mashariki tumesifiwa kwa droni, na sifa hizo zina haki. Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, Rwanda, mwaka 2016. Mwaka huo huo Zanzibar ilianza kupigwa picha kisiwa kizima kwa droni ili kupata ramani mpya. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na GIZ walirusha dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 za Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Mwaka 2019, kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju huko Unguja, droni zilinyunyiza utando mwepesi juu ya maji ili viluwiluwi wa mbu wasipate hewa. Lakini zitazameni kazi zote hizo: zilifanyika chini ya anga wazi, na satelaiti juu. Hata Ukerewe maji yalikuwa chini lakini mbingu ilikuwa juu, na chombo hakikuwa na haja ya kuyatazama maji ili kijue kilipo. Uzoefu huo hauhamishiki kwenda chini ya ardhi. Mtu aliyerusha ramani ya vijiji kumi hajawahi, pengine, kuishika droni kwa mkono hata dakika moja, maana alibonyeza kitufe ikaenda na kurudi yenyewe.

Kwa hiyo mafunzo. Nitasema ninavyoyafanya, na kila mtu achukue anachokitaka.

Tafuteni ghala tupu. Ngara kuna maghala ya kahawa, Biharamulo ya pamba, na kuna miezi hayana kitu. Chukueni droni ndogo ya bei rahisi, ambayo ikianguka haimlizi mtu. Bandikeni utepe mweusi juu ya jicho la tumboni na kihisi cha umbali. Ndani ya ghala hakuna GPS, jicho limefungwa, sasa mnakutana na droni yenyewe. Siku ya kwanza inamtoa mtu jasho: inateleza, anaisahihisha kupita kiasi, inakwenda upande wa pili. Mwalimu mzuri hapo hasemi mengi. Anamwekea kiti katikati ya ghala na kumwambia akae juu ya kiti kile kwa muda wa betri moja, mkia wa droni ukimwelekea. Akishaweza, anaigeuza pua imtazame, na kushoto kunakuwa kulia. Wengi wanaishia hapo kwa wiki nzima. Akiweza kuzunguka nguzo zote za ghala pande zote mbili bila kuangalia skrini, tandikeni turubai, inueni kingo zake kwa matofali, mwageni maji kina cha kidole, toeni utepe, mwacheni arushe tena. Ataona mwenyewe jinsi jicho la tumboni, ambalo sasa limefunguliwa, linavyompinga mkono. Somo hilo halina picha ya ubaoni.

Wawe wawili kila mara. Mmoja anashika rimoti, mwingine anatazama droni kwa macho na kusema kwa sauti: inashuka, inakwenda ukutani, simama. Anayetazama skrini asiamini kwamba anaijua nafasi yake.

Kabla ya kupaa, fungueni mpangilio wa kile droni itakachofanya ikipoteza mawasiliano na rimoti. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeamriwa kurudi nyumbani, na kurudi nyumbani kwanza ni kupanda hadi mita 20 au 30, kisha kwenda. Chini ya paa la mita sita hilo ni agizo la kujiua. Kuna wanaobadilisha iwe kutua, nayo juu ya maji ni agizo la kuzama. Wekeni isimame hewani. Na kumbukeni mawasiliano yenyewe yanakatika upesi handakini: kona moja ya mwamba inatosha. Mrushaji atembee na droni, asibaki mlangoni. Betri ikifika nusu anageuka, hata kama alichokijia kiko mita tano mbele.

Lile daraja la nyuki nalo linatusaidia. Kwenye maji yaliyosimama, kwa mfano chini ya mgodi uliosimama kazi au ndani ya tangi, tupeni madumu ya njano. Kila dumu lifungwe kamba yenye jiwe ili lisitembee, na yapangwe yasiwe kwenye mstari mmoja, maana jicho linahitaji kuona tofauti. Yakiwa mengi kiasi cha jicho kuona mawili au matatu kila wakati, droni inapata cha kushika, na picha zenu nazo zinapata kipimo, kwa kuwa urefu wa dumu unajulikana. Taa ziwekwe pembeni zikimulika kuta kwa mshazari. Taa inayotoka kwenye droni yenyewe kwenda kwenye ukungu inarudisha weupe mtupu. Kwenye mto unaokimbia madumu hayasaidii. Huko ni mkono tu.

Sasa niseme na wachimbaji wadogo, na nitasema wazi hata kama kuna muuzaji wa droni ukumbini. Duara la upana wa mita moja lililoshikwa na matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, si mahali pa droni. Panga hazina nafasi, hewa itageuka palepale, na upepo wake unaweza kuangusha udongo uliolegea juu ya mtu aliye chini. Kwa duara kama hilo, kamera ndogo au simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi mbili, kamba yenye mafundo kila mita, na mtu mwenye subira juu ya mdomo wa duara, vitaonyesha maji yamefika fundo la ngapi na matimba gani yameoza. Ifanyike asubuhi kabla ya zamu kushuka, hasa baada ya mvua ya usiku. Mwaka 2015 kule Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Hakuna droni wala kamba ambayo ingepenya kifusi kile. Faida ya kamera ni ya kabla, na ndiyo maana naisisitiza asubuhi. Droni iachieni mapango mapana, yale machimbo makubwa ambayo mwamba wake umeshatolewa na mtu haruhusiwi tena kuingia.

Kuhusu vibali nitapita haraka. Nchini kwetu droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi ina sauti yake. Msifikiri paa linafuta hilo. Kituo cha umeme ni eneo la ulinzi, mpaka ni mpaka, na chini ya daraja la Rusumo droni iliyochukuliwa na maji inaweza kujikuta upande wa Rwanda kabla hamjamaliza kubishana ni nani aliyekuwa anashika rimoti. Ombeni pande zote mbili, kwa maandishi, na siku ya kazi mjulisheni askari aliye zamu. Anayetaka kurusha ndani ya hifadhi ya Burigi-Chato aanzie TANAPA.

Na ikizama? Itazama, tuwe wakweli. Wengine huifunga vipande vya sponji ngumu miguuni ili ielee, na kwenye maji yaliyosimama ni wazo zuri ingawa vinaongeza uzito. Uzi wa kuvulia wa kuifungia mimi sipendi, panga huutafuta. Mtu asijitupe majini kuifuata. Wala asiingie kwenye maji yaliyo karibu na lango la mtambo hata kama msimamizi anasema limefungwa, mpaka aone kufuli na karatasi ya zamu. Mkiipata, zimeni na kutoa betri kwanza. Betri ya lithiamu iliyoingia maji haichajiwi tena, hata ikikauka na kuonekana nzima. Inaweza kushika moto saa nyingi baadaye. Iwekeni nje, juu ya mchanga, mbali na nyasi na mbali na nyumba. Kadi ya picha toeni, ifuteni, iacheni ikauke siku nzima ndipo muijaribu. Mara nyingi kadi hupona, na picha za dakika ya mwisho, pale maji yanapoijia lenzi, zinamfundisha mrushaji mambo mengi kuliko ripoti yake.

Nimemaliza upande wangu. Karai liachwe hapo hapo, wapo ambao hawajainama. Naomba maswali yaanze na wale waliotoka machimboni, maana safari yao ya kurudi ni ndefu.